Methali za Kikuyu na hesabu ya kahawa Giakanja

Masimulizi ya mitaani humchora Mkikuyu kama mtu wa shilingi yake, asiyemngoja mwenzake. Methali zinazotajwa sana Nyeri zinakataa. "Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ": kikundi, hata kidogo, hukiinua kinu. "Kanya gatune nĩ mwamũkanĩro": kibuyu chekundu ni cha kupokezana. Methali ya Kituruki humwonya mtu anyooshe miguu kadiri ya blanketi lake; Mkikuyu huuliza kwanza mko wangapi.

Padri G. Barra alipochapisha methali 1,000 za Kikuyu mwaka 1939, ngwatio bado ilikuwa hai: leo tunalima kwangu, kesho kwako. Asiyerudisha siku ya mwenzake alibaki na jembe lake peke yake. Huo ulikuwa mkopo kamili, ila haukuandikwa popote.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Wakikuyu wakakusanywa vijijini kwa nguvu, vipande vya ardhi vikaunganishwa, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukawafungulia wakulima wadogo kahawa iliyokuwa imelindwa kwa ajili ya walowezi. Hati ya shamba ilibeba jina la mtu mmoja, kwa kawaida mwanamume. Lakini kahawa mbivu haingoji. Isipomenywa upesi inaharibika, na mwenye mibuni michache hawezi kujenga kiwanda. Ushirika ukarudi, safari hii na mizani na kamati. Akina mama, wengi wao bila hati, waliunda vikundi vyao miaka ya 1960, wakachanga na kuezekeana nyumba kwa mabati, zamu kwa zamu. Kwangu, hao ndio waliokielewa kibuyu kuliko wote.

Julai 1989 migao ya mauzo ya nje chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ilisimamishwa, bei ikaanguka. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ikapunguza mkono wa serikali, na vyama vikubwa vya Nyeri vikamegeka, kwingine kwa vurugu. Wazee wakakumbusha: "Andũ matarĩ ndundu mahũragwo na njũgũma ĩmwe", yaani wasio na shauri moja hupigwa kwa rungu moja. Ni kweli, lakini haitoshi. Kinu huinuliwa na watu wanaoonana. Katika chama cha maelfu, mkulima hakujua fedha zake zilikatwa wapi.

Basi wewe wa Giakanja, hapo Nyeri, unayepeleka kahawa kiwandani: kabla ya kuipigia kamati kura, dai kwanza hesabu za malipo zisomwe mbele ya wanachama wote.