Simu ya Upepo Ikosapo Fundi

Vitu vinavyotengenezwa na mwanadamu hufa kwa njia mbili. Baadhi hufa kwa kuchakaa: jembe huliwa na udongo, na mtumbwi huliwa na maji. Vingine hufa vikiwa vizima, kwa sababu waliovitengeneza wamekoma kuvihudumia. Kifo hiki cha pili wazee wetu hawakukijua, maana jembe likivunjika mhunzi yeyote aliweza kulifua upya. Simu ya upepo, yaani redio ambayo watu walio mbalimbali husemezana kwayo, ni mfano mzuri wa kifo hicho, na historia yake katika nchi ya Marekani yafaa kutazamwa.

Hapo kwanza polisi wa Marekani walisikia bila ya kuweza kujibu. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit walianza kupeleka habari kwa redio katika motokaa zao, lakini askari aliyetaka kujibu hakuwa na budi kushuka na kutafuta simu ya waya. Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, walipata redio za kusema na kujibu. Mwaka 1940 mwalimu wa chuo aliyeitwa Daniel Noble aliwasaidia polisi wa jimbo la Connecticut kutumia mawimbi ya namna mpya iliyobuniwa na Edwin Armstrong, ambayo haikuvurugwa kwa urahisi na radi wala kelele za mitambo. Mwaka uo huo Noble aliingia katika kampuni ya Galvin ya Chicago, ambayo mwaka 1947 ilibadili jina ikaitwa Motorola. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ilitengeneza redio ya kubebwa mgongoni, yenye uzito wa kilo 16 hivi, ambayo ilipata jina la walkie-talkie.

Redio za siku hizo zilikuwa nzito, lakini hazikumficha fundi siri zao. Ndani yake mlikuwa na valvu za kioo. Iliyokufa ilichomolewa na nyingine ikatiwa mahali pake. Kila njia ya kusemea ilitaka kipande cha jiwe la kwatzi kilichokatwa kwa kipimo maalumu. Aliyetaka kubadili njia alibadili kipande. Kazi yote ilikuwa ya macho na mikono.

Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa katika maabara za Bell, na katika miongo iliyofuata ikaifukuza valvu. Faida yake haikuwa ndogo: redio ikawa nyepesi, betri ikadumu, na mzigo wa mgongoni ukawa kitu cha kushikwa mkononi. Lakini kila faida hudai malipo yake. Mwaka 1976 kampuni ya RCA ilifunga kiwanda chake cha valvu kilichokuwa Harrison, New Jersey. Hata vipande vya kwatzi vilipungukiwa na wakataji: kampuni ya International Crystal Manufacturing ya Oklahoma City, iliyovitengeneza tangu miaka ya 1950, ilifunga milango mwaka 2017.

Msomaji atauliza: Je, mtengenezaji huacha kuhudumia kazi yake mwenyewe kwa sababu gani? Sababu ya kwanza ni kwamba hatengenezi kila kitu kilichomo. Vipuri vingi hununua kwa wengine, na hao wakiacha kuvifanya, yeye hubaki na akiba ya ghalani. Akiba ikiisha, ahadi nayo imekwisha. Sababu ya pili ni hesabu: wateja wa chombo cha zamani hupungua kila mwaka, na gharama ya kuwaweka mafundi wanaokijua haipungui. Sababu ya tatu ni kwamba makampuni yenyewe huuzwa kama nyumba. Kazi ya redio ya kampuni ya General Electric, mjini Lynchburg, iliunganishwa na ile ya Ericsson mwaka 1990. Baadaye ikapita mikononi mwa Com-Net, kisha M/A-COM, na mwaka 2009 ikaangukia Harris. Mrithi wa nne hukumbuka kwa shida deni la mwenye mali wa kwanza.

Sababu ya nne ni sheria. Njia za hewani ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Kwa hiyo serikali ya Marekani iliamuru kwamba kufikia tarehe 1 Januari 2013, redio za polisi, zima moto na biashara katika sehemu kubwa ya njia hizo zipunguze upana wa nafasi zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Amri ilikuwa ya haki, kwani mahali palipoenea mmoja pangetosha wawili. Lakini redio nyingi za zamani hazikuweza kubanwa hivyo, zikatupwa zingali zasema vizuri.

Tena kuna ugonjwa mgeni kuliko yote. Redio nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hupangiwa njia zake kwa kompyuta, na programu za kazi hiyo ziliandikwa kwa kompyuta za siku zile. Ukizitia katika kompyuta ya leo, mara nyingi hugoma. Hivyo mafundi hutunza kompyuta kuukuu kama mtu atunzavyo ufunguo wa pekee wa sanduku lake. Redio haina kasoro hata moja, lakini imekuwa bubu kwa kukosa wa kuiamrisha.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwezi Machi 2001 Idara ya Zima Moto ya New York iliwagawia watu wake redio mpya za dijitali. Baada ya siku chache mzimamoto mmoja alipatwa na shida ndani ya nyumba, akaomba msaada kwa redio hiyo, na wenzake waliokuwa pale hawakumsikia. Redio mpya zikaondolewa, na kuukuu zikarudi kazini. Tarehe 11 Septemba mwaka uo huo wazimamoto waliingia katika majumba ya World Trade Center na redio za zamani, za namna iliyokuwa imeshindwa kupenya vizuri majumba yayo hayo wakati wa mlipuko wa mwaka 1993. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Tume iliyochunguza msiba huo ilionyesha kwamba sababu zilikuwa nyingi, na redio ilikuwa moja tu kati yazo. Hata hivyo funzo halifichiki: cha kale kilikuwa na upungufu, na kipya hakikuwa kimejaribiwa vya kutosha. Katikati ya viwili hivyo walisimama watu.

Tusimlaumu mtengenezaji kwa kila jambo. Angelazimishwa kuhudumia milele kila alichokiuza, asingebuni kingine, na askari wangebeba kilo 16 mgongoni hata leo. Lakini anayeuza chombo cha kuokoa roho hauzi chuma na waya tu. Anauza pia ahadi. Haki yadai aseme mapema ahadi hiyo itakoma lini, na asiondoke na maarifa ya kukitengeneza. Wanunuzi nao wana wajibu. Tangu mwaka 1989 wakuu wa mawasiliano wa Marekani walianza kuweka kanuni moja, iitwayo Project 25, ili redio ya mtengenezaji mmoja iweze kusemezana na ya mwingine, na mnunuzi asiwe mfungwa wa duka moja.

Wenye hekima walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao huoza. Mwenye busara huusuka mwingine wakati wa zamani ungali ukilaliwa, naye huujaribu kabla ya kuutupa ule wa kwanza.