Myamba hakuna asiye na kazi?

Wadau, utafiti wa nguvukazi wa 2006 ulisema wasio na ajira ni asilimia 11.7, wa 2014 ukasema 10.3. Safi kabisa! Ila kijana aliyepunguzwa kazi mjini, akarudi Myamba kulima tangawizi ya babu, anahesabiwa ana kazi.

Mafao je? Mwaka 2012 sheria ilipofuta fao la kujitoa, wachimba migodi walikuja juu. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara, miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Basi kijana wetu anateremka milima na barua ya kuachishwa: dirishani hana kazi, kwenye takwimu anayo. Jirani yake, mkulima tangu utotoni, hana hata barua ya kupeleka.