Nyumbani Ugenini

Mwaka 2009 wapenzi wa kriketi nchini India walipatwa na jambo geni. Kwa kuwa uchaguzi mkuu uliwashughulisha mno askari wa usalama, Ligi Kuu yao nzima ilihamishiwa Afrika ya Kusini, na fainali ikachezwa Johannesburg tarehe 24 Mei. Timu zilibaki na majina yake, lakini shabiki wa Chennai au Mumbai aliachiwa televisheni tu.

Sisi wa huku Mbarara tulikuja kulionja jambo hilo katika kandanda. Uwanja wa Namboole ulipokosa idhini ya Shirikisho la Kandanda la Afrika, Uganda iliilaki Tanzania mjini Ismailia, Misri, tarehe 24 Machi 2023. Simon Msuva akafunga bao la pekee. Mwezi wa Juni ikawa zamu ya Algeria, nayo ikalakiwa Douala, Kamerun, ikashinda 2–1. Katika kibanda cha video tulimotazamia, lawama ziliuangukia uwanja kuliko wachezaji. Watu walisema mchezaji wa 12, yaani shabiki, ameachwa nyumbani. Hoja ilikuwa na uzito, ingawa siku nne tu baada ya Ismailia, Uganda iliifunga Tanzania 1–0 Dar es Salaam, mbele ya umati wa wenyeji! Hilo halikutajwa sana kibandani.

Hata hivyo, uhamisho wa Waganda ulikuwa na mwisho. Tarehe 7 Juni 2024 timu yao ilirudi Namboole na kuifunga Botswana 1–0.

Tuwatazame sasa Wasomali walioko Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro. Tangu vita vya 1991 timu ya taifa lao imekuwa ikitangatanga. Ushindi wake wa kwanza katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia, wa 1–0 dhidi ya Zimbabwe, ulipatikana Septemba 2019 katika nchi ya Jibuti. Novemba 2023 Somalia ikaialika Uganda, na wote wawili wakasafiri hadi Berkane, Moroko. Hapo shabiki wa Nakivale alikuwa na kazi ngumu: nchi aliyozaliwa baba yake ilikuwa ikicheza na nchi aliyozaliwa yeye. Tuliwaona waliovunjika moyo Uganda iliposhinda, na tuliwaona waliotabasamu kwa siri.

Juma lile tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kutunga sentensi kwa maneno “nyumbani” na “ugenini”. Tulitarajia sentensi za likizo na za kumtembelea bibi. Mtoto mmoja wa Kisomali aliandika: “Timu yetu ilicheza nyumbani Moroko.” Mwalimu mwenzetu alitaka kuikata kwa wino mwekundu. Tulibishana naye hadi kengele ikalia, kwa maana sarufi yake haikuwa na kosa lolote, na historia nayo ilikuwa upande wa mtoto. Tuliipa alama zote.