Harusi ya Usiku Mmoja

Koovagam ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Siku nyingi za mwaka hakina cha kumvuta mgeni. Lakini ufikapo mwezi wa Chithirai, kati ya Aprili na Mei, maelfu ya watu humiminika kwenye hekalu la Koothandavar. Wengi wao walizaliwa wakahesabiwa wanaume, ilhali nafsi zao zajijua kuwa za kike. Kwa Kitamil huitwa thirunangai. Jina jingine, aravani, latokana na hadithi ya hekalu lenyewe.

Hadithi hiyo ni tawi la Mahabharata. Aravan, mwana wa Arjuna, alikubali kutolewa kafara ili upande wa baba yake ushinde vita. Aliomba jambo moja tu: asife kabla ya kuoa. Hakupatikana mwanamke wa kuolewa leo awe mjane kesho. Ndipo Krishna akajigeuza mwanamke, Mohini, akaolewa naye. Na Aravan alipouawa, akamlilia kama mke amliliavyo mume.

Kila mwaka mkasa huo hurudiwa. Kuhani huwafunga mahujaji uzi wa ndoa shingoni, thali, na usiku huo huwa wa nyimbo na ngoma. Kesho yake sanamu ya Aravan huzungushwa kwa gari kubwa la mbao, kisha huuawa kwa ishara. Nyuzi hukatwa, bangili huvunjwa, na waliokuwa maharusi huvaa sari nyeupe, wakaomboleza. Msomaji wa pwani, aujuaye uzito wa eda, hahitaji kufasiriwa machozi hayo.

Kilio hicho kina historia yake. Mwaka 1871 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga sheria iliyoamuru wenzao wa kaskazini, mahijra, waandikishwe na polisi, ikawakataza kuvaa nguo za kike na kucheza hadharani. Ukoloni uliondoka; dharau ikabaki. Waliofukuzwa makwao walikimbilia mijini, na huko wakajengeana udugu usio wa damu: mkubwa humpokea mgeni, akamwita binti, akamfunza maisha. Koovagam ndipo koo hizo zilizotawanyika zinapokutana.

Serikali zilifuata kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2008 Tamil Nadu iliunda bodi ya ustawi wao, na tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikawatambua kuwa jinsia ya tatu.

Hata hivyo, kijiji kiliwatangulia mahakimu. Wanaume wa vijiji vya jirani nao hufungwa thali kutimiza nadhiri zao, kwa kuwa Aravan ni mungu wa wote. Mahujaji hawaji, basi, kuomba hisani ya wenyeji. Huja kushiriki ibada moja nao. Wapo wajao kudhihaki, na alfajiri ya safari huwarudisha wengi kwenye mitaa isiyowataka. Usalama wa Koovagam ni wa siku chache. Lakini aliyewahi kuitwa bibi harusi mbele ya kijiji kizima hawezi tena kuaminishwa kwamba hana mahali duniani.