Wavu wa Norwich na Makucha ya Mbweha

Aliyepata kufuga kuku uani ajua ya kuwa adui aliye hatari zaidi si yule arukaye ua, bali ni yule apitaye chini yake. Maana mbweha, akiona mlango umefungwa na ukuta hauparamiki, huinama akafukua, na alfajiri mwenye banda hukuta shimo dogo na manyoya. Katika mashamba ya Uingereza ya zamani kuku walifungiwa usiku ndani ya vibanda vya mbao, na yaliyosalia yalikuwa ni hadhari ya mbwa. Faraja ilitoka Norwich, mji uliosifika karne nyingi kwa ufumaji wa nguo za sufu, ambako mwaka 1844 Charles Barnard, mfanyaji biashara ya vyuma, aliiga mitambo ya wafumi akaunda mtambo wa kufuma waya badala ya uzi. Tena mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alikuwa amekwisha pata hataza ya kuchovya chuma katika zinki, na lau si zinki, waya uliofukiwa kando ya banda ili kumzuia mbweha ungeliwa na kutu upesi. Wengine huuzika wima. Lakini werevu, kwa rai yangu, ni wale waulazao bapa nje ya ukuta, chini ya majani, kwani mnyama huanza kuchimba pale pale penye ukuta, wala hana fikira ya kurudi nyuma hatua mbili. Amma msomaji aliye jirani na nyegere, asiuamini waya mwembamba: nyegere huurarua.