Kugeuza Gari Mseto Kuwa la Kuchomeka

Kugeuza gari mseto kuwa gari la kuchomeka ni kazi ya kuliongezea gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme betri kubwa kuliko ile ambayo lilitoka nayo kiwandani, pamoja na chaja inayochukua umeme kwenye soketi ya ukutani, ili sehemu kubwa ya safari zake za kila siku itegemee umeme huo na injini ibaki kuwa msaidizi. Maelezo hayo mafupi yana dhana kadhaa ambazo majina yake bado hayajatulia katika Kiswahili, na kila moja inahitaji kufafanuliwa kwa kufuata jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu jina la kifaa likitungwa na mtu asiyejua kifaa hicho humpoteza fundi kabla ya kumpoteza msomaji.

Dhana ya kwanza ni ya gari lenyewe. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam, ambako magari kama Toyota Prius na Toyota Aqua yaliyokwisha kutumika Japani yameingia kwa wingi, huliita haibridi, neno lililopitia Kiingereza kutoka Kilatini, ambako hibrida alikuwa mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa aliyepandwa na dume la mwituni. Kwa maana hiyo ya uzazi Kiswahili kina chotara, na wakulima na wafugaji husema mbegu chotara na ng'ombe chotara bila shida yoyote. Lakini chotara ni kiumbe kimoja ambacho damu za wazazi wake haziwezi tena kutenganishwa, wala upande mmoja hauwezi kupunguzwa baada ya kuzaliwa. Mseto, ambalo asili yake ni chakula cha mchele na choroko zilizopikwa pamoja, na ambalo limekwisha kuzaa kilimo mseto na serikali ya mseto, lina sifa inayokosekana katika chotara: kila kiungo huonekana, na mpishi anaweza kuzidisha choroko au kuzipunguza chakula kikaendelea kuitwa mseto. Sifa hiyo ndiyo inayolifanya gari mseto kuwa jina linalofaa zaidi katika mada hii, kwa kuwa ugeuzaji unaozungumziwa ni suala la kiasi, yaani umeme unazidishwa, petroli inapunguzwa, na gari linabaki kuwa mseto hadi mwisho. Anayedhani kwamba gari lililogeuzwa limekuwa gari la umeme tupu amekosea, na kosa lake litaonekana siku ya kwanza atakapokanyaga mafuta kwa nguvu kwenye mlima.

Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalioni kwa urahisi, ni kwamba gari mseto la kawaida halina chanzo cha nishati kingine zaidi ya petroli. Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ina mota na betri, na dereva huisikia ikiondoka kimya kwa umeme. Hata hivyo umeme huo umezalishwa na injini iliyochoma petroli, au umerejeshwa wakati wa kufunga breki kutokana na mwendo ambao petroli hiyohiyo iliuanzisha. Betri hapo ni ghala dogo la kuhifadhi kinachozidi kwa dakika chache na kukitoa kinapohitajika. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2009, betri ya nikeli yenye seli 168 na volti 201.6 ilikuwa na kilowati-saa 1.3 tu, na kompyuta ya gari haikuruhusu hata kiasi hicho kitumike chote, kwani ili kuirefushia betri maisha iliizuia isishuke chini ya takriban asilimia 40 wala kupanda juu ya asilimia 80. Kilichobaki cha kutumia kwa kweli kilikuwa nusu ya kilowati-saa, na kwa kuwa gari la ukubwa huo huenda kama kilomita sita kwa kila kilowati-saa moja, ghala hilo lote lilitosha mwendo wa kilomita tatu.

Kutokana na hapo inaeleweka kwa nini gari mseto la kuchaji, jina linalosikika mara kwa mara, halitoshi. Kila gari mseto huichaji betri yake, mchana kutwa, kwa injini na kwa breki. Kinachotofautisha ni mahali chaji inapotoka. Kitenzi chomeka, ambacho kila mwenye pasi au simu nyumbani anakitumia anapoingiza plagi kwenye soketi, kinataja mahali hapo moja kwa moja, na ndiyo maana gari mseto la kuchomeka ni istilahi sahihi zaidi na iliyo wazi hata kwa asiyejua umakanika. Likifupishwa kuwa gari la kuchomeka linaweza kuchanganywa na gari la umeme tupu, ambalo nalo huchomekwa, hivyo neno mseto lisiachwe isipokuwa pale ambapo muktadha umekwisha kulitaja.

Historia ya kazi hii imejikita California. Huko, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, profesa Andrew Frank alikuwa ameunda kwa miaka mingi, pamoja na wanafunzi wake, magari ya majaribio yenye injini ndogo na betri kubwa za kuchomekwa, wakati ambapo watengenezaji wakubwa hawakuonyesha nia ya kuyauza. Matangazo ya Prius nchini Marekani yalisisitiza kinyume chake, kwamba mnunuzi hatalazimika kuchomeka chochote, kwa kuwa wauzaji walihofia kwamba wateja wangelichukulia kama gari la umeme linaloweza kuwaacha njiani. Mwaka 2004 kikundi cha raia kilichoitwa CalCars, kilichoanzishwa na Felix Kramer, kiliamua kuonyesha kwa vitendo kwamba jambo hilo linawezekana, na mhandisi Ron Gremban akaigeuza Prius yake kwa kutumia betri za risasi na asidi, ambazo ni nzito lakini nafuu na hupatikana kila mahali. Gari hilo liliitwa PRIUS+, na alama ile ya kujumlisha ilichaguliwa vizuri, kwa sababu iliwaambia watu kwamba hakuna kilichoondolewa katika uwezo wa gari.

Ugumu wa kazi haukuwa katika kufunga betri ndani ya buti, jambo ambalo fundi wa umeme mwenye uangalifu anaweza kulifanya, bali katika kuishawishi kompyuta ya gari iutumie umeme ulioongezwa. Kompyuta hiyo ilitungiwa programu ya kuilinda betri ndogo, na kila ilipoona chaji inashuka iliwasha injini ili kuirudisha karibu na asilimia 60, ikiwa haina habari kwamba nyuma ya gari kuna kilowati-saa nyingine tano au tisa zinazosubiri. Suluhisho lilikuwa kuweka kifaa kidogo cha kielektroniki katikati ya betri na kompyuta, kinachoipelekea kompyuta taarifa kwamba betri imejaa, nayo kwa kuamini hivyo huchagua kutumia umeme kwa wingi zaidi ili kupunguza kile inachodhani ni ziada. Kulikuwa pia na kitufe cha kuendesha kwa umeme pekee, ambacho magari ya Japani na Ulaya yalikuwa nacho na yale ya Marekani hayakuwekewa, ingawa kompyuta zake zilikitambua. Waliogundua hilo waliunganisha waya mmoja na kitufe chao wenyewe, na gari likatii, ilimradi mwendo usizidi takriban kilomita 55 kwa saa.

Juu ya mpaka huo kuna mwingine wa mwendo unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba gari mseto lililogeuzwa lina mipaka iliyoumbwa na vyuma vyake, ambayo hakuna programu inayoweza kuiondoa. Ndani ya Prius injini, jenereta na mota vimeunganishwa kwa gia za sayari, mfumo ambao gia moja ndogo hukaa katikati kama jua, gia nyingine kadhaa huizunguka zikiwa zimeshikwa na kibebeo kimoja, na gia kubwa yenye umbo la pete huzifunika zote kwa nje. Jenereta imeshikamana na gia ya katikati, injini na kibebeo, na mota pamoja na magurudumu na ile pete. Pete ina meno 78 na gia ya katikati ina meno 30, hivyo injini inaposimama kabisa huku gari likienda, kila mzunguko mmoja wa pete huilazimisha jenereta izunguke mara 2.6 kwa upande wa kinyume. Gari linapofikia kama kilomita 67 kwa saa jenereta huwa imekaribia mizunguko 6,500 kwa dakika, kikomo ambacho watengenezaji waliuwekea mfumo huo injini ikiwa imesimama, na njia pekee ya kuipunguzia kasi ni kuizungusha injini. Kwa hiyo katika barabara kuu injini huzunguka hata kama betri imejaa, na umeme wa nyongeza hufanya kazi ya kuipunguzia mzigo tu. Mota nayo ilikuwa na uwezo wa kilowati 50, ilhali njia ya umeme kutoka kwenye betri ilisanifiwa kupitisha karibu nusu ya kiasi hicho, ndiyo maana dereva anapokanyaga ghafla injini huamka kusaidia. Gari la namna hii linafaa zaidi mijini, katika mwendo wa polepole na wa kusimamasimama.

Hapo ndipo uchaguzi wa neno la tendo lenyewe unapopata uzito. Ubadilishaji, ambalo ndilo watafsiri wengi hulikimbilia, lina maana iliyozoeleka ya kutoa kitu na kuweka kingine mahali pake, kama kubadilisha fedha au kubadilisha injini, na msomaji akisoma ubadilishaji wa gari mseto anaweza kudhani kwamba injini imeng'olewa. Kugeuza ni kukipa kitu kilekile hali nyingine, na ndicho kinachotokea hapa. Ndani ya ugeuzaji huo kuna njia mbili ambazo mafundi hawana budi kuzitofautisha: njia ya mbadala, ambapo betri ya kiwandani huondolewa na nafasi yake huchukuliwa na betri moja kubwa ya lithiamu, na njia ya nyongeza, ambapo betri ya kiwandani hubaki na kuunganishwa sambamba na nyingine, kama ilivyokuwa katika betri ya kilowati-saa tano ya Hymotion, kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na A123 Systems mwaka 2007. Njia ya nyongeza ina faida kwamba hitilafu ikitokea kifaa kilichoongezwa hujitenga na gari huendelea kama mseto wa kawaida. Katika njia zote mbili hatari ni ya kweli, kwa kuwa umeme wa volti 200 unaua, na mwaka 2008 Prius moja iliyogeuzwa huko Marekani iliteketea barabarani kwa sababu ya viungio vya nyaya ambavyo havikufungwa sawasawa. Fundi wa gereji anayeombwa kuifanya kazi hii bila kipimo cha kubania viungio na bila glavu za umeme anapaswa kuikataa.

Dhana nyingine mbili zinahusu namna gari linavyoitumia chaji yake. Baada ya kutoka kwenye soketi likiwa limejaa, gari huwa katika hali ya kupunguza chaji, ambapo umeme wa ukutani unatumika na kiwango kinashuka kilomita baada ya kilomita. Kiwango kikifika chini huingia katika hali ya kudumisha chaji, ambapo kinachotoka hurudishwa na injini na breki, na gari huwa sawa na mseto wowote. Hali ya kupunguza chaji haina maana ya kutotumia petroli. Injini inaweza kuwaka ndani ya hali hiyo kwa sababu ya mwendo, mlima, au haja ya kuupasha moto mtungi wa kusafishia moshi, ambao ukiwa baridi hauwezi kusafisha hewa chafu. Kuwaka na kuzimika huko huku injini ikiwa bado baridi kuliitia wasiwasi Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, ambayo ilipofika 2009 iliweka taratibu za kuyapima magari yaliyogeuzwa.

Wakati huo watengenezaji walikuwa wameanza kuifanya kazi hiyo viwandani. Kampuni ya BYD ya China iliuza F3DM kuanzia Desemba 2008, Chevrolet Volt ikafuata mwishoni mwa 2010, na Toyota yenyewe ikaleta Prius ya kuchomeka yenye kilowati-saa 4.4 mwaka 2012, jambo lililoifanya betri ya nyongeza ya karibu dola 10,000 ikose wanunuzi.

Limebaki suala la vipimo, ambako lugha isiyo makini hudanganya kuliko mahali pengine popote. Magari ya CalCars yalibandikwa maandishi ya kujivunia zaidi ya maili 100 kwa galoni, sawa na lita 2.4 kwa kilomita 100, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa upande wa petroli, lakini iliuacha umeme wote uliotoka ukutani kana kwamba hauna bei wala chanzo. Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza matumizi ya gari mseto la kuchomeka anapaswa kutaja vipimo viwili kwa pamoja, lita za petroli na kilowati-saa za umeme kwa kilomita 100, na kueleza safari hiyo ilikuwa na urefu gani kati ya kuchomeka mara moja na kuchomeka tena, kwa kuwa gari lilelile linaweza kumaliza kilomita 20 za mjini kwa petroli kidogo mno, kisha katika safari ya kilomita 300 likatumia karibu sawa na mseto ambao haujaguswa.