Isale, mti wa msamaha katika Krismasi ya Wachaga

Kila ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, mabasi yatokayo Geita, Kahama na Shinyanga hujaa wasafiri waendao Kilimanjaro kupitia Nzega, Singida na Babati. Wengi wao ni wafanyabiashara wa Kichaga. Baadhi walihamia ukanda huo wa dhahabu baada ya kufunguliwa kwa migodi mikubwa ya Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001.

Safari hiyo hujulikana zaidi kwa mbege, nyama ya mbuzi na ibada ya Noeli. Hata hivyo, kiini chake kimo katika mmea mmoja unaoota kando ya kila kihamba, nao ni isale.

Isale, au masale kwa wingi, ni mti mdogo wa jamii ya Dracaena wenye majani marefu yasiyopukutika. Tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini huchipua upya. Kwa sababu hiyo wazee waliutumia kuweka mipaka ya vihamba na kuupanda penye makaburi ya wahenga.

Jani lake ndilo hutumika kuomba radhi. Aliyemkosea ndugu au jirani hulipeleka mwenyewe au humtuma mzee anayeheshimika. Kwa mila, anayepelekewa isale hapaswi kukataa kusamehe, na inaaminika kwamba akaidiye hujiletea mikosi yeye na uzao wake.

Desemba imekuwa msimu wa shughuli hiyo kwa kuwa ndio wakati pekee ambao ukoo hukutana wote. Mbuzi huchinjwa, nyama hugawanywa kwa kufuata daraja la kila mmoja, na waliogombana huketishwa mbele ya wazee kabla ya kunywa kata moja ya mbege.

Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kilema, Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakifuatiwa mwaka 1893 na Walutheri kutoka Leipzig. Mmoja wa Walutheri waliowafuata baadaye, Bruno Gutmann, aliandika kwa kina juu ya sheria za Wachaga katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1926. Matambiko mengi yalififia, lakini isale lilidumu, kwani ujumbe wake haukupingana na ule wa Noeli.

Changamoto sasa ni ardhi. Vihamba vimegawanywa kwa warithi hadi kuwa vipande vidogo, na ugomvi wa mipaka umekuwa chanzo kikubwa cha uhasama kati ya ndugu. Baadhi hung'oa masale na kujenga kuta za matofali.

Ukuta huweza kuonyesha mpaka sawasawa na isale. Lakini siku ndugu wawili watakapokosana juu ya mpaka huo, hautakuwa na jani la kuchuma.